Picha Moja Tu, Wewe na Baba

Kwako Mama,

Chamgei? Lile goti limeamkaje? Kipngeno aliniambia kwa simu kwamba bado unateremka nalo mpaka kituo cha majani chai, kikapu mgongoni, na wewe ukamnyang'anya simu ukasema huyo anapenda kuongeza chumvi. Haya. Sijui nimwamini nani kati yenu, mtoto anayesema ukweli ama mama ambaye kila siku "niko tu sawa".

Huku Ujerumani mimi ni mzima. Baridi imeanza kupungua lakini bado navaa soksi mbili. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Kuna nyanya mmoja hataki achanwe nywele na mtu mwingine ila mimi. Mgongo wangu siku hizi unalia kama wako msimu wa majani mengi. Tunashukuru Mungu.

Mama, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu. Nimejaribu, nikaishia kuuliza habari za ng'ombe. Nina aibu.

Unakumbuka kwenye grupu ya familia, Kipngeno alipouliza nani ana picha za kitabu cha ukumbusho wa baba, mimi ndiye niliyejibu mbio: "Tulieni, zote niko nazo mimi." Halafu wewe ukatuma sauti, ile sauti yako ya kuogopa kusumbua watu: "Chelangat, unitafutie moja tu. Mimi na mzee. Hata kama niko na nguo ya shamba." Nikakujibu hicho ni kitu kidogo sana.

Wapi! Laptop yenye picha zote ilikuwa imekufa, hata haiwaki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mturuki hapa mtaani, akakaa nayo wiki nzima, akanirudishia picha kwenye flash. Zilirudi zote, mpaka zile tulizofuta zamani, lakini zimechanganyika: harusi ya senge dada ya baba, mbwa, mavuno, tarehe hakuna, majina hakuna. Maelfu! Nikasema hii kazi naijua, nilifundishwa na mama. Nikafanya vile ulinionyesha kuchagua majani kabla karani hajayapima: mwaga yote chini, toa mabaya kwanza, usiyaonee huruma. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikaa kitandani nikitoa mabaya. Picha ya miguu, toa. Picha ya giza, toa. Picha ambayo kidole gumba kimefunika nusu, toa. Hizo za kidole zilikuwa nyingi, na nilicheka peke yangu nikisema, yaani huyu mama!

Nilipomaliza nikakutafuta. Mama, hauko. Baba yuko na mimi, yuko na Kipngeno, yuko na mchungaji. Yule ng'ombe wetu wa kwanza wa gredi ana picha nyingi kukushinda, na katika moja amesimama na baba kama bwana na bibi harusi. Wewe nilikupata mgongo tu, ukitoka jikoni na sufuria, na mara nyingine nusu ya leso yako mlangoni. Basi. Tangu baba akuoe, mimi nikiwa darasa la sita, mpaka alipotuacha, hakuna hata moja ya nyinyi wawili. Kila picha nzuri tuliyo nayo ni wewe uliyeipiga.

Watu wakijua watasema ni kwa sababu hukunizaa. Heri ingekuwa hivyo. Ningejua ilikuwa chuki, nikatubu, yakaisha. Lakini sikukuchukia hata siku moja, mama. Sikukuona tu. Ndiyo inaniuma.

Nikarudi kwenye yale mabaya niliyotupa, nikaanza kuokota moja moja. Humo nikapata video fupi ya siku tuliposherehekea nyumbani nilipohitimu. Ulitaka kupiga picha, ukafinya mahali pa video. Sura ya mtu haimo, ni nyasi, viatu vyangu vyeupe, na kidole chako cheusi kwa majani. Lakini sauti zimo. Baba anasema, "Wewe nawe kuja hapa. Kuja usimame hapa karibu na mimi." Unacheka, unasema, "Aai, na hii nguo?" Anasema, "Kuja tu na hiyo." Nafikiri ulikuwa unakuja, kwa sababu nyasi zinasonga. Halafu sauti yangu: "Baba, ngoja kwanza, sasa nani atapiga? Mama, rudi nyuma kidogo, unatukata miguu."

Na ukarudi.

Nililia mpaka dada ninayekaa naye akaja kuuliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Kwa hivyo mama, picha uliyoomba haipo, na ni mimi niliyefanya isiwepo. Halafu sikiliza ubaya wa moyo wangu. Niliikata ile video hapo baba anaposema "kuja tu na hiyo", nikatoa sauti yangu. Ikawa tamu kweli! Mtu akiisikia atajua ulikuja, ukasimama naye. Ingewekwa kanisani siku ya ukumbusho, na wote wangesema huyu mtoto amemfanyia mama yake jambo kubwa. Niliisikiliza tena na tena, nikaona nimejificha mimi, nikakuachia wewe uongo. Nikaifuta. Hii unayoletewa ni nzima, na mimi nimo.

Flash iko ndani ya bahasha hii. Anayekuletea ni dada mmoja wa Boito tunayesali naye huku, mpe chai ya maziwa, amekuwa mtu mzuri kwangu. Kipngeno akuwekee kwenye televisheni, kisha atoke nje. Sikiliza kwanza peke yako. Ukitaka watu wasikie siku ya ukumbusho, wasikie yote. Usipotaka, ni yako na baba.

Nisalimie Kipngeno ndugu yangu, akubebee kikapu apunguze mdomo. Nisalimie senge kule Kapkatet, na Mama Wambui wa duka anayekuwekea mkate wa Jumamosi. Nao akina mama wa kanisa, waliolala nawe siku zote za matanga wakati mimi nilikuwa huku, waambie kongoi sana.

Najua ukimaliza kusikiliza utanipigia, na kabla sijafungua mdomo utasema haina neno. Usiseme hivyo, mama. Iko neno.

Mimi binti uliyenilea,
Chelangat