Siku Niliyozaliwa na Siku ya Mbio

Tunduma,
4 Mei 2003

Mpendwa Mayu,

Shikamoo. Leo, mama yangu, nimeapa kukueleza yote bila kuficha hata moja, kwa hiyo macho yakichoka, pumzika kisha uendelee. Kwanza nijulishe hali ya baba na wadogo zangu, na kama kifua chako kimetulia baada ya moshi wa kuchemsha chumvi. Mimi na Happy wa kwa mzee Makene tu wazima, isipokuwa baridi ya huku hatujaizoea.

Mayu, kuna jambo kubwa hapa shuleni. Mwalimu Osea, anayetufundisha baiolojia na riadha, amemkuta Mzambia mmoja ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mwenye kompyuta. Ukimpa tarehe yako ya kuzaliwa anakutolea karatasi yenye mistari mitatu inayopanda na kushuka kama barabara ya Mbozi. Mmoja ni wa mwili, nao huzunguka kwa siku ishirini na tatu. Wa moyo ni ishirini na nane, na wa akili thelathini na tatu. Mistari hiyo huanza siku unayozaliwa na haisimami mpaka unakufa. Mwalimu alipoichora ubaoni darasa zima lilisogea mbele. Nilijishika mkono nikawaza kwamba kumbe kuna kitu humu ndani kimekuwa kikihesabu miaka yote hii, na mimi sijawahi kukisikia.

Fortunata, yule binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mwezi uliopita alikimbia kuliko siku zote. Mwalimu alipotazama karatasi yake, mstari wa mwili siku ile ulikuwa kileleni! Tulipiga makofi kama kanisani.

Sasa sikia shida yangu. Tarehe 3 Juni ni mashindano ya wilaya, Vwawa. Kwa mita elfu moja na mia tano shule inapeleka msichana mmoja tu, na wawili wa kwanza wa wilaya wataenda Mbeya. Unajua kuwa hapa hakuna anayenipita. Lakini karatasi yangu inaonyesha siku hiyo mwili na moyo vyote viko chini kabisa, akili peke yake ndiyo iko juu. Ya Happy ni hivyo hivyo. Happy akasema, "Basi tutashindwa huku tukijua kwa nini." Watu wakacheka, ila mwalimu hakucheka. Alizilaza karatasi zetu mbili pamoja akasema kwa sauti ya chini, "Tazameni. Watu wa bonde moja, mwendo mmoja." Amesema atampeleka Fortunata.

Mayu, mimi nakumbuka. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu mkuu aliwauliza wazazi tarehe, wazazi wakatazamana, naye akatuandika watoto wote wa wafugaji tarehe mosi Julai. Ndiyo maana mistari yetu inafanana. Nilizaliwa lini hasa?

Mwanao,
Mbuke

*

Ivuna,
12 Mei 2003

Mwanangu Mbuke,

Marahaba. Barua imefika kwa lori la chumvi, nami nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako Maduhu asikie. Sisi ni wazima. Kifua kinakohoa kidogo, ndiyo kazi yake. Baba yako anauliza hiyo kompyuta inaweza kumwambia ng'ombe gani atazaa jike.

Tarehe siijui, nisikudanganye. Nilikuwa mgeni huku, tumetoka Usukuma na ng'ombe, na chumvi ilikuwa inachemshwa, kwa hiyo ilikuwa kiangazi. Uchungu ulinianza jioni ya Ijumaa. Mwezi ulikuwa mzima, mweupe, ukaanza kuliwa upande mmoja mpaka wote ukawa mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Watu walipiga madebe ili uachiliwe. Mkunga aliniambia, "Usizae sasa hivi, mama, ngoja." Nikamwambia, "Mwambie yeye huko ndani!" Lakini ulingoja. Mwezi ulirudi mweupe, ukakaa weee, na jogoo walipowika ndipo wewe ukatoka. Asubuhi hiyo watu walikwenda gulioni, Jumamosi. Mwaka ni ule ng'ombe wetu wekundu wawili walipozama kwenye tope la Rukwa. Baba yako anasema ni themanini na sita.

Nilikutazama siku ile nikaogopa kukushika. Si kwa ubaya. Niliona kama umetumwa na mtu mkubwa.

Mwambie mwalimu hayo.

Mama yako

*

Tunduma,
22 Mei 2003

Mpendwa Mayu,

Shikamoo. Sote tu wazima, na baba mwambie Mzambia hajafika kwenye ng'ombe.

Nilimsomea mwalimu barua yako ofisini. Alivua miwani. Siku ya pili alivuka mpaka, akarudi mbio mbio na vumbi la Nakonde hadi kwenye nyusi. Mayu, ule mwezi upo! Wataalamu wa nyota wameuandika: ulipatwa usiku wa tarehe 17 Oktoba 1986, Ijumaa. Basi mimi ni wa alfajiri ya tarehe 18. Nilitoka nje nikasimama uwanjani peke yangu. Nilikuwa sina siku, sasa ninayo, na inajulikana mpaka mbinguni.

Lakini ngoja. Mwalimu alitoa karatasi mpya, tukainama wote wawili. Tarehe 3 Juni mstari wa mwili na wa akili yote miwili inakata mstari wa katikati, kutoka chini kwenda juu, kwa siku ile ile moja. Siku ya kukata ndiyo mbaya kuliko ya kuwa chini. Wanaiita siku ya hatari, siku ya ajali, na mimi ninazo mbili kwa mpigo. Mwalimu alichukua dasta akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Akasema, "Mbuke, siwezi. Ukivunjika mguu nitamwambia nini mama yako?"

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba nadharia hupimwa. Nipime mimi." Aliweka dasta mezani. Kisha akasema mzazi akikubali, nitakimbia mimi.

Naogopa, Mayu. Karatasi naiamini. Unakubali?

Mwanao,
Mbuke

*

Ivuna,
28 Mei 2003

Mwanangu,

Dereva amewasha gari, naandika nimesimama. Sisi wazima. Tukimvusha ng'ombe mtoni hatumuulizi alizaliwa lini, tunatazama maji. Ukifika Vwawa tazama uwanja. Baba yako amekubali, nami nimekubali kabla yake.

Kula ushibe.

Mama yako

*

Tunduma,
5 Juni 2003

Mpendwa Mayu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mzima, ila goti limefungwa kitambaa, na usishtuke mpaka umalize kusoma.

Nilianguka. Mzunguko wa tatu, kwenye kona, nikiwa wa kwanza, miguu yangu ilipishana yenyewe nikala mchanga. Wote wa shule yetu wanaijua karatasi yangu, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Walisimama kama vile wameona kitu kikipita. Nami nilipolala pale nilisema moyoni: kumbe ni kweli.

Ndipo Fortunata, ambaye nafasi ilikuwa yake, akaruka kamba akapiga yowe: "Inuka, Mbuke! Ajali yako si ndiyo hiyo? Imeshatoka! Sasa unaogopa nini?"

Mayu, nilicheka pale pale chini. Kama siku ile ilikuwa na anguko ndani yake, basi nilikuwa nimeshalianguka. Niliinuka bila woga wowote, na sijawahi kukimbia vile. Walikuwa wanne mbele yangu. Niliwapita watatu. Nimekuwa wa pili. Naenda Mbeya!

Mwalimu Osea alinishika mabega, machozi yakimlenga. "Karatasi ilisema kweli," akasema. Happy akamjibu, "Shikamoo mwalimu, karatasi haikusema nafasi ya pili." Wanabishana mpaka leo.

Mimi sibishani. Ila nina jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Kabla ya ile kona nilikuwa natazama miguu yangu. Tangu nianze kukimbia sijawahi kuitazama. Nilikuwa naingoja ianguke.

Mwalimu ameshahesabu siku ya Mbeya. Hajaniambia, nami sijamuuliza, ila kila akinipita namtazama usoni. Lori linarudi huku Jumatatu, tafadhali lisije bila jibu lako. Nikianguka tena huko Mbeya, Mayu, utasema ni siku, au utasema ni mimi?

Mwanao,
Mbuke