Cheti cha Zuwena wa Kwanza

Jumatano, baada ya alasiri. Kipupwe kimekaza, upepo unaingia dirishani na kuubamiza mlango wa chumba changu kila baada ya dakika mbili, na sina hamu hata ya kuinuka kuuwekea kitu.

Mnaonisoma hapa tangu nilipoanza hekaheka hizi za viza mnakumbuka wiki iliyopita nilivyojitapa. Nilisema kila kitu tayari. Barua ya ajira kutoka skuli ya Maskati ipo, cheti cha daktari kipo, cha polisi kipo, picha nane zipo na katika zote nimekaa kama mtu aliyegombana na mpiga picha. Imebaki karatasi moja tu, nikasema, cheti kipya cha kuzaliwa, kwa sababu changu cha zamani kimeandikwa kwa mkono na kule wanataka cha kompyuta. Nikamaliza kwa kusema hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kutoa jibu kabla ya kusoma swali lote ni kosa ninalowakanya wanafunzi kila siku.

Nimekaa siku mbili bila kuandika. Leo naandika kwa sababu kesho saa nne asubuhi lazima niwe nimeshaamua, na mtu pekee ambaye ningemwomba ushauri ndiye nisiyeweza kumuuliza.

Mambo yalianza Jumatatu, kwenye dirisha la usajili wa vizazi. Karani, kijana mpole mwenye kofia ya viua, alichukua cheti changu cha zamani, akaandika jina langu kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, huyu unomtafutia cheti ni nani wako?"

"Ni miye mwenyewe."

Akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Basi hapa nnaona keshafariki."

Nilicheka. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilicheka mpaka watu kwenye foleni wakageuka. Karani akanigeuzia kompyuta nione kwa macho yangu. Jina langu, jina la baba, la babu, la mama, tarehe yangu ya kuzaliwa. Chini yake, tarehe ya kufariki. Zuwena alikufa akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne.

Karani mwenyewe hakushtuka. Alinieleza kwamba zamani daftari la vizazi lilikuwa mbali na la vifo mbali, hakuna aliyeyalinganisha, ndiyo maana hata paspoti niliipata bila tabu. Sasa yote yameingizwa pamoja na makosa ya zamani yanajitokeza. Yeye aliliita kosa. Akasema nimlete mama yangu, aape mbele ya hakimu kwamba mwanawe hakufa, kisha rekodi ya kifo itafutwa na cheti nitakipata siku hiyohiyo.

Nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia Darajani, nikanunua mchicha na ndimu kama nilivyoagizwa. Njia nzima nilikuwa nikiipanga hadithi ya kumchekesha mama. Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nikamwambia, mama, leo nimeambiwa nimekufa.

Akaacha kukuna.

"Nani kakwambia?"

Mtu asiyejua kitu angeuliza nina wazimu gani. Mama aliuliza nani, nami nikauweka mchicha chini nikakaa.

Alinisimulia akiwa bado amekaa palepale, na tui halikukamuliwa siku hiyo. Kabla yangu alizaliwa mtoto mwingine wa kike, akapewa jina la bibi yangu mzaa baba, Zuwena. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Nilipozaliwa mimi mwaka uliofuata, bibi alikuwa hai na bado alitaka jina lake libaki nyumbani, nikapewa mimi. Hilo halina ajabu. Hapa Mkunazini peke yake nawajua watu watatu wenye majina ya ndugu zao waliotangulia.

La ajabu ni alilofanya baba. Mimi nilizaliwa nyumbani, kwa mkunga, siku ya mvua kubwa, na hakuna aliyekwenda kuniandikisha. Ulipofika wakati wa skuli, walimu wakataka cheti. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la vitambaa Mlandege na hakuwa mtu wa kusimama kwenye foleni. Alifungua kasha akatoa cheti cha yule wa kwanza. Jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule. Karatasi ipo, ya nini kuhangaika?

Hivyo ndivyo nilivyoongezewa miaka miwili na nusu. Darasani nilikuwa mfupi kuliko wote, na kuna mwalimu aliyewahi kumwambia mama anilishe vizuri.

"Nlikuwa nnamngoja babaako akwambie," mama alisema. "Akafa hajakwambia. Nami nkaona aa, tena ya nini?"

Tangu hapo sina raha.

Sizungumzii mizimu. Hakuna anayetembea darini wala anayenivuta shuka. Ni mambo madogo ambayo nimeishi nayo miaka yote na sasa yamegeuka kunitazama. Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, mama hupika uji wa mchele akawagawia watoto wa mtaa, na yeye mwenyewe hushinda amefunga. Nilikuwa nikimtania, mama gani huyu, siku ya mwanawe hataki hata kula. Na mama huniita mara mbili. "Zuwena. Zuwena." Mara mbili tangu nina akili, hata nikiwa mbele yake. Nilidhani ni kwa sababu mimi mzito wa kuitika. Sasa kila akiniita najiuliza ile ya kwanza anamwita nani.

Jana nilikwenda skuli yangu kukabidhi vitabu, nikaita mahudhurio kwa mara ya mwisho. Darasani nina Asha wawili, na kama wafanyavyo walimu wote nimewaandika Asha wa kwanza na Asha wa pili. Nilipomwita Asha wa kwanza, sauti ikaitika kutoka nyuma, na haikuwa yake. Rafiki yake alikuwa anamfichia utoro. Wanafunzi wangu wote wanaujua ukali wangu kwa jambo hilo. Asiyekuwepo haitikiwi. Nimeshawasimamisha watoto juani kwa kosa hilo, nikawahubiria mpaka koo likanikauka. Jana niliinua kalamu tu. Nikatia alama kwamba yupo na kuendelea na jina lililofuata.

Leo asubuhi nikampeleka mama kwa karani. Alivaa buibui lake jipya. Karani akamwamkia, "Shikamoo mama," akamtafutia kiti, akaandika kiapo. Ni mistari mitano tu. Naapa kwamba mwanangu Zuwena, aliyezaliwa tarehe hiyo, hakufariki, na kwamba yu hai na ndiye huyu. Zamu yetu kwa hakimu ni kesho saa nne. Mama ataushika Msahafu na kuyasema hayo kwa mdomo wake.

Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, nkishaapa, yule mlomwandika mtamfuta?"

"Tunamfuta kabisa, mama. Asije kumsumbua tena dada."

"Mnamfuta na siku yake?"

Karani hakuelewa anaulizwa nini. Akajibu ndiyo. Mama akatikisa kichwa taratibu, akamshukuru, akatangulia mlangoni.

Nilibaki nyuma kidogo. Nikamuuliza karani, na ikiwa si kosa? Akaisukuma kompyuta pembeni. Akasema basi mimi sijawahi kuandikishwa, itabidi niandikishwe sasa, kisha paspoti na vyeti vyangu vyote vya masomo vibadilishwe tarehe. "Miezi hiyo, dada. Pengine mwaka."

Skuli ya Maskati imeniandikia kwamba viza isipokamilika mwisho wa mwezi huu, nafasi atapewa mwingine.

Na naitaka hiyo kazi. Nisijifanye. Miaka sita nimefundisha kwa mikataba ya muda, kila muhula sijui kama ujao nitakuwepo. Nimehojiwa mara tatu kwa video, na mara moja umeme ulikatika katikati ya swali nikamalizia kwa simu ya jirani, nimesimama ngazini. Sanduku nimeshanunua. Nguo zangu hazimo hata moja kwa sababu mtaa mzima una jamaa Maskati na kila mtu amenipa kifurushi, karafuu, bizari ya pilau, vikoi, na papa mkavu aliyefungwa mara nne na bado ananuka. Nimeshaagwa. Nimeshaombewa dua. Kubaki ni kuyarudisha yote hayo mlango kwa mlango na kueleza.

Lakini mama yangu ni mtu asiyesema wallahi hata akisingiziwa. Muuza samaki akimwapia kwamba changu wake ni wa leo, humwambia, usiape baba, ntanunua tu. Huyo ndiye ninayempeleka kesho akaape uongo, ili mimi nikafundishe aljebra.

Baada ya chakula cha mchana alinitaka nimsomee kile kiapo akihifadhi. Yeye husoma Kiarabu, herufi hizi zinamchosha macho. Nikasoma mstari, akarudia. Nikasoma, akarudia. Tulipofika "hakufariki" akaivuta kanga yake kichwani. Nikangoja, kama ninavyowangoja wanafunzi ubaoni.

"Hakufariki," akasema. Kisha akainamisha uso, akasema polepole, "Niwie radhi, mamaangu."

Hakuwa akisema na mimi.

Nilimuuliza kama anajua kaburi liliko. Mwanakwerekwe, alisema, karibu na mlangilangi, lakini mlangilangi ulikatwa zamani na mahali pale wameshazikwa wengine. Picha hakuwahi kupigwa. Nguo zake nilizivaa mimi mpaka zikachanika. Nikakaa nikahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Zuwena wa kwanza ana vitu viwili tu duniani. Ana siku aliyozaliwa, ambayo nimeitumia mimi tangu skuli, na ana siku aliyokufa, ambayo kesho tunakwenda kuifuta.

Miaka yote hii nimemwitikia, tena bila kujua. Kesho ningekuwa najua.

Nimewaandikia Maskati. Barua haikuwa ndefu. Nimesema cheti changu si changu, kwamba kosa lilifanyika kwetu nyumbani na si ofisini, na nimewaomba wanisubiri. Sidhani kama watanisubiri. Nikaibonyeza ikaenda, kisha nikakaa juu ya sanduku la papa mkavu nikalia kwa sauti, na huo mlango ukiendelea kujibamiza.

Kesho hatutakwenda kwa hakimu. Nitakwenda mwenyewe kwa karani nimwambie tulikuwa wawili. Nitamwomba aandike kizazi kipya, mtoto wa kike, umri miaka ishirini na tisa, ana shahada ya hesabu. Kama tuliyoyafanya yana adhabu, nitaisikiliza hukohuko. Lile jina lililo kwenye kompyuta naomba yule wa kwanza abaki nalo mwenyewe, na siku zake zote mbili.

Mama bado sijamwambia. Naogopa atasema nimetupa riziki yangu kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuniona. Naogopa zaidi kwamba hatasema kitu, atafurahi, na mimi nitaiona furaha hiyo usoni mwake huku nafungua vifurushi vya watu.

Chai imeshaiva, harufu ya iliki imefika mpaka huku juu. Ananiita.

"Zuwena."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalizuia.

"Zuwena."

"Abee, mama."

Ile ya kwanza nimemwachia mwenyewe.