RNA ya Duara na Zero ya Mwavita

Kasongo, Alhamisi

Nilikosea, na bado nina furaha kama mtu aliyepewa mbuzi.

Wiki jana nilimpa mwanafunzi wangu Mwavita zero ya biolojia, kwa sababu alichora RNA ikiwa duara. Miaka yote nafundisha kwamba ni uzi wa kubeba maagizo ya jeni, wenye ncha mbili, na hutafunwa haraka kuanzia nchani. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, umenichorea ngata ya kuwekea karai kichwani." Darasa likacheka. Tangu siku ile hakuinua mkono tena, naye ndiye anayetaka kuwa daktari.

Leo asubuhi mdogo wangu, wa maabara kule Kisangani, niliyemwuliza habari ya mchoro ule, akanijibu kwa ujumbe wa simu: "Kaka, ya duara iko." Haina ncha, kwa hiyo vimeng'enya havina pa kuanzia kuila, nayo hudumu. Nyingine hunasa zile RNA ndogo zinazozima jeni, na jeni zikaendelea na kazi. Katika baadhi ya saratani kiasi chake huvurugika. Watafiti wanatumaini siku moja kuutambua ugonjwa mapema kwa damu kidogo tu. Nilisoma mara nne, chai ikapoa.

Nikaenda darasani, nikakiri yote. Nikachukua daftari la Mwavita niifute ile zero.

"Uiache tu, Mwalimu," akasema. "Weka moja mbele yake."

Kumi juu ya kumi. Darasa likanicheka mimi, yeye kuliko wote. Ile moja nimeiandika kubwa kupita kiasi.