Kitanda Mahali pa Wazee wa Kanisa

Mpendwa Shangazi Lowri, naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu mafundi wanakuja kung'oa roshani na mimi sijui tena kama ninajenga au ninabomoa.

Mimi ni seremala, nina miaka arobaini na mitano, na mwaka juzi mimi na mume wangu Ithel tulinunua kanisa la zamani la kijiji chetu hapa Gwynedd, lile lililofungwa waumini walipobaki sita, tukaanza kuligeuza nyumba ya kukaa sisi, watoto wetu wawili na mama yangu Meinir, ambaye alivunjika nyonga na ngazi za kwake zinamshinda, na kila mtu alituambia hatutaweza na tumeweza, paa halivuji, jiko linawaka, sakafu nimeipiga msasa kwa mikono yangu. Ila kuna jambo ambalo watu wa rika la mama wanalijua na hawalisemi: mama alitengwa na kanisa hilohilo akiwa na miaka ishirini na mmoja, wazee wa kanisa walimsimamisha Jumapili mbele ya watu wote kwa sababu alikuwa na mimba na hana mume, wakamwambia atoke, akatoka peke yake, na mimba ile ndiyo mimi.

Kwa hiyo chumba chake nimekijenga palepale chini ya mimbari, kwenye kizimba cha mbao walimokuwa wakiketi wale wazee, nikavunja viti vyao kwa nyundo na sikatai kwamba nilifurahi, nikawaza atalala kama malkia mahali walipomhukumu. Jumamosi iliyopita nikamleta aone. Akakitazama kitanda, akageuka akasimama katikati ya nyumba akiangalia juu kwenye roshani ya kwaya.

"Sauti ya pili tulikaa upande ule wa dirisha," akasema. "Na zile mbao je?"

"Zinang'olewa karibuni, Mama. Tunaweka vyumba vya watoto."

"Haya. Nipe koti langu, Heulwen."

"Chumba hukukipenda?"

"Kizuri. Nirudishe kwangu."

Garini nikamwambia wale wazee wote wameshakufa, hakuna wa kumwogopa, akanijibu, "Nani kakwambia naogopa?" na tangu hapo nikimpigia simu anaongelea mvua tu. Ithel anasema, "Mwache kwanza, mke wangu, umemburuza mno huyu mama," lakini nikimwacha ataanguka tena kwenye zile ngazi. Nifanyeje asahau yaliyompata humo, ahamie kwetu?

Heulwen

*

Heulwen, hongera kwa paa na pole kwa mengine. Sasa kaa kitako nikugombeze.

Unataka mama asahau. Isome barua yako mwenyewe: aliyeshika nyundo ni nani? Umemtandikia kitanda mahali alipoaibishwa, halafu unashangaa hakushukuru. Kila asubuhi afumbue macho aone nini? Utamu wa kisasi hicho ulikuwa wako, mwanangu, si wake.

Na alipokueleza la kwake, hukumsikia. Hakuitazama mimbari. Aliitazama roshani alikoimba na wasichana wenzake. Kumbe mle ndani alipata pia furaha, wazee wakamtoa kwenye furaha hiyo, na sasa binti yake anataka kuing'oa na misumari yake. Huenda nakosea, maana simjui. Lakini mtu asiyekijali kitu haulizii mbao zake.

Najua inakouma. Umekua ukiamini kwamba wewe ndiwe uliyemtoa mama yako kanisani. Si wewe. Watu wazima, wenye akili zao, waliamua kumtesa msichana, na jambo hilo ni lao hata huko makaburini.

Basi, leo kabla hujala wapigie mafundi wasije. Kesho nenda kwa mama na zana zako, umfungie mbao za kushikia pande zote mbili za ngazi, ili akihamia kwako ahamie kwa kupenda, si kwa kuogopa kuanguka. Ukimaliza mwambie, "Mama, nisamehe, nilijenga bila kukuuliza." Kisha umuulize: roshani ibaki? Alale wapi? Na je, anataka kulala humo kabisa? Akinyamaza, nyamaza naye, usimsaidie kujibu. Akikataa, kubali, mtaishi nyumba mbili na mtapendana. Akitaka roshani ibaki, watoto wabanane chumba kimoja. Wangu wanne walibanana, na wote wako hai.

Na pale kwenye kizimba, toa kitanda uweke meza ya chakula. Siku mama yako atakapokuja kula, usimwonyeshe pa kukaa. Mwache achague kiti mwenyewe.