Ng'ombe wa Chilindi

Jumatatu, 2 Juni 2003

Sina hamu ya kula. Leo Bwana Filipo, bosi wangu, kaingia ofisini meno yote nje, barua mkononi. "Sabina, kipeperushi chako kimefika mbali!"

Kimefika mbali. Mungu wangu.

Barua ya mzee mmoja wa Shelisheli, Bwana Payet. Yuko Dar kwenye mkutano wa utalii. Hotelini kaokota kipeperushi chetu cha fukwe nzuri za Mtwara. Ukurasa wa pili, ufukwe wa Chilindi: jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Sasa anasema kijijini kwao lipo jiwe kama hilohilo, hadi ufa wa mgongoni! Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo ajionee maajabu.

Maajabu yenyewe ni mimi. Picha ile niliikata kwenye kalenda ya Shelisheli, kwa Esta, fundi cherehani wa Chuno. Ukurasa wa mwezi wa nane. Gari la ofisi lilikuwa bovu, wachapaji wanataka picha siku ileile, na mimi Chilindi sijawahi kukanyaga. Mtu wa Njombe mimi — nilidhani bahari ni bahari tu.

Mwezi ujao nathibitishwa kazini. Au sithibitishwi.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia bosi kila kitu. Kanywa chai yake mpaka majani ya chini. Halafu: "Hilo jiwe lina ukubwa gani?"

Nimefika nyumbani Rahaleo, nimeshaweka maharage jikoni, ndipo nikaelewa alichomaanisha. Maharage yameungua.

Alhamisi, 5 Juni

Chilindi! Tumepita Mahurunga, barabara ikaisha, tukatembea kwenye mashamba ya mihogo, halafu — sijui niandikeje. Mchanga mweupe mpaka unafumba macho. Upande wa kusini Ruvuma inaingia na maji rangi ya chai ya maziwa, bahari ni ya kijani, na katikati kuna mstari kama umepigwa kwa rula. Ndege wa miguu mirefu wamesimama juu ya mstari huo huo. Jiwe hakuna hata la kusugulia kisigino.

Nimevua viatu. Nilitaka kulia. Picha si ingekuwa hii!

Nikamwambia bosi, tumwonyeshe mgeni hivi hivi, tumwombe radhi. Kanijibu radhi nitaiombea Njombe.

Kaja na Amiri, fundi mwashi wa Mahurunga, mtu mzima, mpole. Amiri kakiangalia kipeperushi, kakigeuza, kakirudisha. "Ng'ombe mwenyewe mmemlaza vibaya. Mie ntamlaza vizuri."

Jumatatu, 9 Juni

Magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga, juu waya, juu saruji. Jiwe ni kubwa kweli. Ila si ng'ombe. Ni kiboko.

Tatizo hapa hakuna anayefuga ng'ombe, kila mtu ana wa kwake kichwani. Akina mama wanaookota kome wakipita lazima watoe ushauri. Mmoja wao, Mama Nasra, kauliza ng'ombe gani hana nundu? Amiri kaweka nundu. Bosi kafika, kaamuru nundu itoke. Amiri kasusa, kaenda kuswali, karudi, kaitoa nusu.

Mimi kazi yangu ni kushika kipeperushi na kusema kushoto, kulia. Na elimu yangu yote!

Jumatano, 11 Juni

Mvua. Juni! Saruji haikauki.

Ijumaa, 13 Juni

Rangi: chokaa na masizi. Kwa mbali, ukifinya macho, sio mbaya. Kwa karibu inashika mkononi. Bosi kasema mgeni asisogezwe karibu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nimechuchumaa nyuma ya mkorosho. Nimesingizia tumbo.

Mgeni kafika saa nne. Mfupi, shati jeupe, kofia ya ukili. Kiswahili hajui, mimi ndiye mkalimani. Bosi kaanza kumwelezea upepo. Wapi! Mzee kampita, kaenda moja kwa moja, kalishika jiwe kwa mikono miwili. Akalia. Machozi kabisa.

Kasema la kwao limezungushiwa uzio wa hoteli, mwaka wa kumi na moja huu hawaruhusiwi kulisogelea. Mama yake alikuwa akianika nguo juu yake. Akaegemeza shavu. Alipogeuka — shavu la kijivu! Shati la kijivu! Bwana Filipo kaangalia mbinguni. Akina mama wameng'ata khanga.

Akasema jiwe la kwao lina joto, hili la baridi, kwa nini? Nikatafsiri: mgeni amelipenda sana.

Basi Amiri akajitokeza, kanzu safi, mkono kifuani. "Karibu mgeni. Kazi ya siku tano hiyo, magunia arobaini. Mwambie, dada, asilie. Akitaka, mie naenda hukohuko kwao nikamjengee jingine nje ya uzio."

Mgeni kauliza, anasema nini?

Watu wote wakanitazama. Ndipo nikasema tumbo, nikakimbilia huku mkoroshoni.

Nawaona kutoka hapa. Amiri hajangoja mkalimani. Anamwonyesha kwa mikono: kujaza gunia, kufunga, kupiga plasta. Mzee anatikisa kichwa polepole. Kagonga jiwe kwa kidole. Kagonga tena. Bosi kakaa chini mchangani na suti yake.

Sasa mzee anakunja mikono ya shati, sijui ni ya ngumi au ya saruji.

Wananiita. Bosi — sijatoka. Mama Nasra — sijatoka. Sasa ananiita mgeni mwenyewe, na jina langu analitamka vizuri kabisa.