Nani Akae, Nani Asubiri Nje

Ōtāhuhu, 9 Machi

Wifi yangu mpenzi Kalolaine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko kisiwani Leimatu'a? Mama na magoti yake, na watoto? Sisi huku ng'ambo tunapumua. Mume wangu Viliami yuko kazini uwanja wa ndege kama kawaida.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na kaka yangu analala chumba cha pili. Majibu ya mumeo yametoka. Ni saratani ya ini, lakini uvimbe bado mdogo. Daktari anasema unaweza kuchomwa kwa sindano ya moto, bila kupasua tumbo, mradi tusichelewe.

Sasa sikia. Hospitali walisema aje na mtu wa familia. Wewe uko huko unamtunza mama yangu, nani mwingine? Nikavaa kofia ya kanisani nikaenda, nikidhani nitakaa ukumbini. Wifi, wakatuketisha benchi moja, mimi na kaka yangu Siosaia. Tangu alipoota ndevu sijakaa naye chumba kimoja. Akiwa anaangalia televisheni mimi hupitia jikoni. Daktari, kijana mpole kabisa, akafungua picha ya tumbo la kaka yangu kwenye kompyuta, akaanza kumuuliza habari za choo, za pombe, za kitandani. Mbele yangu. Siosaia akatazama ndara zake. Mimi nikageukia dirishani, nikatazama magari ya watu. Daktari akauliza, "Unataka tiba hii?" Kimya. Akarudia. Kimya. Mwisho akasema, "Basi, nenda nyumbani ukafikirie. Ukiwa tayari utatupigia."

Hajapiga. Mimi siwezi kumuuliza, unajua. Wewe ni mkewe. Muulize anataka nini.

Wifi yako,
Lesieli


Leimatu'a, 27 Machi

Wifi yangu mwenye kofia,

Amani ya Mungu iwe nawe. Sisi wazima, Mama anakusalimu na anauliza kama huko bado unaimba sauti ya kwanza. Nilipofika kwenye kofia nilicheka peke yangu, nikajua ni ile ya maua, iliyowahi kumficha mchungaji waumini wasimwone. Kisha nikaendelea kusoma, kicheko kikaisha.

Nimempigia. Unajua simu yangu hushika mtandao pale benchi la dukani tu, kila anayenunua mkate anasikia. Nikamuuliza, "Baba Manase, daktari kasemaje?"

"Wamenirudisha nyumbani."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa. Hakuna tarehe. Mtu akirudishwa hivyo, mama, wewe unaelewaje?"

Kisha akaniambia nimalize ile ngatu kubwa, nisiiuze kwa mtu. Hakusema ni ya nini. Hakuhitaji kusema, najua nguo ya magome ya namna ile hutandikwa chini ya maiti. Sasa naigonga kila asubuhi na wanawake wenzangu, wananiuliza nani anaoa.

Wifi, hakukataa chochote. Angesemaje, na dada yake ameketi pale? Hospitali wanadhani hataki, yeye anadhani wamemkatia tamaa, na uvimbe haungoji. Fanya kitu.

Wifi yako mdogo,
Kalolaine


Ōtāhuhu, 18 Aprili

Kalolaine wangu,

Bwana asifiwe. Natumaini mnaendelea vizuri na mvua imewapa nafasi ya kuvuna viazi vikuu. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa mama mchungaji. Nikapiga simu hospitali. Wakasema lazima mgonjwa mwenyewe apige. Nikaweka simu chini nikapiga magoti.

Wiki hiyohiyo akanipigia nesi mmoja, Marama. Wanakusanya wagonjwa wa saratani ya ini na wanaowauguza, wawaambie nini kirekebishwe. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliacha shule mapema. Tafuta wasomi."

"Wasomi tunao tele, mama. Njoo wewe."

Nikafunga nyama na tui kwenye majani ya magimbi, nikapika trei nzima ya lu, maana kwenda kwa watu mikono mitupu sikufundishwa. Yule daktari wetu alikuwepo. Mzee mmoja wa Kimaori, mgonjwa, akasema, "Mimi mlinipa kitabu nisome. Miwani iko kwenye gari, na gari kachukua mjukuu." Tukacheka. Mama mmoja wa Kivietnamu, anayemuuguza mumewe, akasema homa ikipanda hajui ampigie nani. Hapo hatukucheka.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, ingawa wengine walisema wamekaa. Nikawaambia, kwetu kaka na dada hawazungumzi mambo ya mwili, hawakai hata chumba kimoja. Si ugomvi, ni heshima. Kaka yangu hakukataa tiba. Ninyi mliniweka mimi kama kizibo mdomoni mwake.

Daktari akaweka uma chini. "Niliandika kwamba amekataa."

"Najua, mwanangu. Naye nyumbani anaamini mmemwacha."

Hakujitetea, wifi. Aliuliza tu, "Sasa tufanyeje?" Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Nikasema: muulizeni kwanza nani akae naye. Mkewe awe kwenye simu. Mimi niacheni nje, mniambie ya jikoni na ya dawa tu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu asubuhi watawapigia wewe na yeye pamoja. Kaa benchini mapema. Mwambie mwenye duka azime redio.

Wifi yako,
Lesieli


Leimatu'a, 6 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi katika Kristo. Mama hajambo, magoti yanamruhusu kufika kanisani.

Redio ilizimwa. Duka lote likasogea kusikiliza. Mama wa mkate alisahau chenji yake. Daktari akamuuliza Siosaia kila kitu kile cha mwanzo, naye akajibu, mimi nikiongezea. Aliposema kilevi cha kava anakunywa kidogo nikamwambia daktari, "Muulize tena." Akauliza tena. Jibu lilikuwa tofauti.

Nikauliza, "Uvimbe bado unaweza kuchomwa?" Akasema umekua, lakini bado, ila tusipoteze wiki nyingine. Akamuuliza mume wangu, anataka?

"Nataka," Siosaia akasema. "Nani alisema sitaki?"

Mwenye duka akafuta macho kwa kitambaa cha mizani.

Nesi Marama akanieleza ugonjwa ulianzia kwenye virusi vya homa ya ini, tukapimwe na sisi. Tumekwenda hospitali ya Neiafu. Mimi na wasichana tuko salama na tumechanjwa. Manase anavyo hivyo virusi. Haumwi, watakuwa wanamwangalia. Nililia kidogo, kisha nikamshukuru Mungu kwa kujua mapema.

Wifi yako mdogo,
Kalolaine


Ōtāhuhu, 2 Julai

Kalolaine wangu,

Mungu ni mwema. Nisamehe kwa kimya, mikono ilijaa. Mwambie Manase shangazi yake anamwombea kila siku.

Walimchoma. Nilikaa ukumbini na Biblia yangu. Nesi Marama akanifuata kwenye korido, akaniambia yanayonihusu: dawa saa ngapi, chumvi kidogo, homa ikipanda nipige namba ipi. Ya mwilini hakuniambia. Sijui nikuelezeje raha ya kutoambiwa. Nyama ya chumvi nimeificha, Viliami ananung'unika.

Kaka yangu namwekea sahani mlangoni, nabisha, naondoka. Mwanzo ilirudi nusu. Jana imerudi tupu na imeoshwa. Wewe umeolewa naye, umewahi kumwona akiosha sahani?

Picha mpya imetoka: palipochomwa pamekufa, uvimbe mwingine haujaonekana. Watazidi kumpiga picha. Hatusemi amepona, tunasema yupo.

Sasa kila mgonjwa huulizwa kabla mlango haujafungwa: nani akae nawe, nani asubiri nje? Yule mzee wa Kimaori alijibu, "Mjukuu asubiri nje, aache na funguo." Wameniita tena mwezi ujao. Wameulizia lu.

Wifi yako,
Lesieli


Leimatu'a, 15 Agosti

Wifi yangu,

Salamu za upendo kutoka kwetu sote. Aliyekuletea barua hii amebeba na mzigo mzito; mpe chai.

Ni ile ngatu. Ilipokwisha nilimuuliza Siosaia niifanyie nini sasa. Akasema, "Ni ya dada yangu."

Nikamwambia, "Mko nyumba moja, mwambie mwenyewe."

"Unajua siwezi, mama Manase. Andika wewe."

Basi naandika, maneno ni yake. Anasema siku ile kwenye kile chumba alikuona umegeukia dirishani tangu mwanzo hadi mwisho, hukugeuza shingo hata mara moja. Anasema hakuwa peke yake pale.

Itandike sebuleni. Ukiwepo hataingia kuikanyaga.

Wifi yako mdogo,
Kalolaine