Jiwe Letu Kwenye Mwezi wa Nane

Misigiri, Iramba
3 Septemba 1999

Kwako mwanangu mpendwa Eliana,

Bwana Yesu asifiwe. Popote barua hii itakapokukuta, kwenye barafu au kwenye mchanga, pokea salamu nyingi kutoka kwangu mama yako niliyekuzaa siku ya mvua ya mawe. Hujambo lakini? Unakula? Baridi ya huko haikuumi kifua? Mimi sijambo, ila goti la kulia lina maneno yake, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, mzuri, masikio kama majani ya mgomba.

Anayeniandikia ni Ritha, mke wa Philipo, wa ile nyumba ya bati jipya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Yeye anasema barua huenda kwa mpango, kwanza salamu, halafu habari, mwisho shida. Nimemwambia shida sina, nina habari tu, na habari zangu hazipangi foleni kama ndoo za kisimani. Haya Ritha, andika.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Uliniuliza neno ambalo lilinikaa kooni kama mfupa wa kambale. Uliniuliza kwa nini siku ile ya mwisho ulipoondoka baba yako hakuja kukuaga, na kama amekufa akiwa na kinyongo na wewe. Sikukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo. Lakini subiri mwanangu, usiruke mistari. Jibu limepita kwenye kalenda, na kalenda imepita kwenye ugomvi, na mimi siwezi kupepeta kabla sijapura.

Kwanza picha zako. Ukuta wa sebuleni umejaa, sasa nimeingia chumbani. Siku hizi tangu biashara iachiwe huru kila nyumba hapa ina kitu cha kuringia. Huyu ana redio ya kaseti, yule masufuria ya Dubai. Mimi naringia ukuta. Watu wanatoka Ulemo kwa miguu kuja kuuona. Akina mama wakiangalia ile milima ya barafu wanauliza huko wanapikia nini na mti hakuna hata mmoja. Mzee Mazengo aliangalia ile nchi ya mchanga mwekundu, akasema ukipeleka mbuzi pale, mbuzi atakushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mchungaji naye alikuja, akanywa chai, akakaa mbele ya ile barafu. Jumapili akahubiri dhambi zitakavyokuwa nyeupe kama theluji, akasema asiyeijua theluji aende kwa mama Eliana akaione. Kanisa zima likageuka kuniangalia! Kanga ilinidondoka begani sikuiokota, maana ningeinama nisingeonekana.

Wakiniuliza mwanangu anafanya kazi gani, nasema anapiga picha nchi. Wanasema nchi gani? Nasema zote.

Baba yako, apumzike kwa amani, alikuwa na maneno yake. Unayajua. Alisema mtoto wa kike amesomeshwa, ameanza vizuri pale studio ya Singida mjini, akaenda Arusha kwa watalii, sasa amevuka bahari kwenda kupiga picha mawe, wakati mawe tunayo hapa mpaka tunajikwaa. Wewe ulitaka kumpiga picha, akakataa, akasema picha ni ya kitambulisho. Na ile moja ya kitambulisho ililiwa na mchwa, kwa hiyo alipokufa mwaka ule wa mvua za elinino tukabaki hatuna hata sura yake. Lile blanketi jekundu ulilomletea alisema ni rangi ya kijana anayetafuta mke, akalifungia kwenye sanduku. Mbele yangu hakulivaa hata siku moja. Mimi nilidhani ni ukaidi tu. Ukoo wa Kitundu wote ni wakaidi, hata babu yake alikufa akibishana na mganga.

Sasa kalenda, ile yenye picha zako. Uliituma kwa sanduku la posta la Bonifasi wa dukani, maana mimi la kwangu sina. Bonifasi badala ya kuniletea akaifungua, akaona lile jiwe letu la kupuria liko kwenye mwezi wa nane, kubwa, linang'aa, na chini yake uwele umeiva. Akaipigilia msumari dukani, juu ya pipa la mafuta ya kula, ili watu waje kuangalia na wakishaangalia wanunue chumvi. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

Na wiki hiyohiyo, shetani hana haraka lakini hachelewi, wakaja watu wawili na gari. Wakapanda jiwe, wakaligonga kwa nyundo, wakatia vipande kwenye mfuko. Walisema wanatafuta kokoto za barabara ya lami, na kwamba jiwe hili litafaa, litapasuliwa kwa baruti, kwa sababu ni jiwe tupu, halina mtu.

Jiwe tupu! Wewe umekulia pale. Jiwe halina mwenyewe, lakini kila ukoo una mahali pake pa kuanika, na mahali petu ni pale penye kibonde upande wa machweo, mama mkwe wangu ndiye aliyenionyesha nilipoolewa. Wanawake tunafagia pamoja, tunapura kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Wakilipasua, uwele tutapuria wapi, kwenye vumbi? Tule mchanga?

Basi watu wakaunganisha. Unajua lile shamba la bondeni lililochukuliwa na mwekezaji, wakaweka kibao chenye jina la kampuni. Na kwenye kalenda yako, chini ya jiwe, kuna jina la kampuni kwa herufi nyeupe. Wakasema si hicho hapo kibao? Wakasema Eliana amepiga picha jiwe, amewapelekea Wazungu, wamelipenda, wamelinunua, na hawa wenye nyundo wamekuja kuchukua mali yao. Mbaya zaidi, aliyesema kwa sauti kubwa ni Mzee Mazengo, rafiki wa baba yako, mtu aliyekula kwangu miaka na miaka. Alipita hapa akaniambia mtoto asiye na shamba hajui uchungu wa shamba. Nilimjibu kwa Kinyiramba, neno ambalo Ritha amekataa kuliandika.

Zamu yangu ya kupura ikafika. Niliandaa togwa mtungi mzima. Hakuja mtu. Nilipura peke yangu, mwanangu, na goti hili. Ritha anasema naye hakuja, na anaomba radhi hapahapa kwenye karatasi. Nimemwambia aandike na hilo. Ameandika.

Sikulia. Nilikasirika. Nilibandua picha zako zote ukutani, nikazifunga kwenye kanga ya kanisani, na mkutano wa kijiji ulipoitwa juu ya habari ya jiwe, nikaenda nazo. Mwenyekiti akaniambia mama, kaa, utapewa nafasi. Nikasema nimekaa tangu mwaka juzi, leo nasimama. Nikazitandaza picha kwenye meza yake, juu ya makaratasi yake. Nikawauliza, kama Eliana akipiga picha nchi ameiuza, basi barafu hii ameiuza, mchanga huu ameuuza, maporomoko haya ameyauza, na huu mlima unaotoa moshi nao ameuuza. Dunia nusu imeshauzwa na mwanangu! Sasa mbona mama yake bado anakula mlenda?

Wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka akajifanya anakohoa. Lakini Mazengo hakucheka. Alisema barafu si jiwe letu, ilete hiyo kalenda tuione mchana, tusiione kwenye giza la duka. Bonifasi akakimbia kuileta. Mazengo akaitoa nje juani, akaishika karibu na pua, maana macho yake nayo yamezeeka. Akaangalia. Akaangalia tena. Mimi nikasubiri matusi.

Akavua kofia. Akamwita mwenyekiti, akamwonyesha kwa kidole. Kisha akarudi ndani, akasema mbele ya watu wote kwamba yeye Mazengo amesema uongo juu ya mtoto huyu, na kwamba mtu hawezi kuuza jiwe hili kwa picha hii. Akasema na wale wa nyundo waambiwe mawe Singida hayana idadi, wakatafute ambalo halina mtu, kwa sababu hili lina mtu.

Hapo ndipo walipokata shauri. Jiwe halipasuliwi. Mwenyekiti ameandika, wenye gari wameambiwa, wamekwenda zao. Na keshoyake wanawake walikuja kwangu bila kuitwa, nikiwa nimeshamaliza kupura, wakasema basi watapepeta. Togwa ilikuwa imechacha, wakainywa hivyohivyo, ndiyo adhabu yao.

Sasa nakujibu swali lako. Ritha, taratibu hapa, andika vizuri.

Kwenye kile kikaratasi ulichotia ndani ya kalenda, ulisema wakubwa wako waliichagua picha hii kwa sababu ya lile ua jekundu dogo juu ya jiwe. Ulisema hata wewe siku ile hukuliona, uliliona baadaye picha ilipotoka. Ulisema wewe hupiga picha nchi peke yake, watu wakishaondoka, na ua lile lilikuwa bahati.

Kumbuka ile asubuhi. Baba yako alitoka kabla ya chai, akasema yule ng'ombe mtamba amepotea. Tukaenda barabarani wawili, mimi na wewe. Ukasimama njiani, ukafungua ile mashine yako ya miguu mitatu ukaielekeza kwenye jiwe, mimi nimekushikia mfuko nikilalamika kwamba basi litatuacha, na wewe ukisema subiri mama, jua liguse jiwe kwanza. Ukaondoka unalia. Nami niliporudi nyumbani nikamkuta mtamba yumo zizini. Hakuwa amepotea hata kidogo. Niligomba siku hiyo mpaka jioni.

Lile si ua, Eliana.

Ni baba yako. Mazengo alimjua kwa jinsi alivyosimama, fimbo nyuma ya shingo na mkono mmoja tu juu yake, mwingine umening'inia. Ni mkono gani usiopanda, wewe unajua. Ni ule ulioumia alipoanguka kutoka juu ya mti wa mzinga wa nyuki kule Rungwa, na Mazengo ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa porini. Mwenyekiti alipomwona naye akamtambua. Nikapewa mimi. Sikuhitaji kuangalia mkono. Mimi niliangalia blanketi.

Kutoka barabarani mtu haonekani usoni. Lakini ukisimama juu ya jiwe unaiona barabara yote, unaliona basi tangu stendi mpaka linapozama nyuma ya kilima. Kwa hiyo usiseme hakukuaga. Mdomo ulimshinda, akaenda kukuagia kule juu, na akavaa nguo uliyomletea ili ukigeuka umwone. Na wewe uligeuka, mwanangu. Uligeuka na mashine.

Katika nchi zote ulizozunguka hujawahi kupiga picha ya mtu, ukampiga yule aliyekataa. Sasa niringie nini zaidi ya hapo?

Kalenda nimeichukua dukani. Bonifasi alisema mwezi wa tisa umeanza, akataka kufunua ukurasa kabla ya kunipa. Nikamwambia kwangu mwezi hauendi. Mazengo huja jioni, anamsalimia rafiki yake, anakaa. Anaomba ukija umpige na yeye, tena karibu, meno yaonekane yale yaliyobaki.

Pokea salamu za Ritha na Philipo, na za Mchungaji, ambaye anauliza kama una picha ya Mto Yordani. Watoto wa hapa wote wanakwambia shikamoo. Ng'ombe wanakusalimu. Ule samli na asali, uache kunywa maji ya baridi.

Na lile blanketi, baba yako alipofariki nilifungua sanduku nikalikuta limejaa makapi ya uwele kwenye pindo, nikashangaa yametoka wapi, maana nguo ya sandukuni haipuri. Sasa najua. Limekunjwa, linakungoja. Sijalikung'uta.

Ni mimi mama yako mzazi,
Magdalena Kitundu.

Hapa chini ni dole langu. Wino wa Ritha umekauka, nimetumia masizi ya chungu.